Nalala vya kutosha, mbona naamka hoi?

SWALI: Nina ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini na utulivu. Napata saa 8 za usingizi, lakini kengele naizima bila kujitambua na kutwa nzima ni mzito.

JIBU: Kwa wengi wenye ADHD, saa ya mwili huchelewa. Melatonini, homoni ya usingizi, huanza kupanda usiku sana, hivyo kengele hulia mwili wako ukiwa bado kwenye usiku wake. Kujilazimisha kulala mapema husaidia kidogo, anzia asubuhi. Amka saa ileile, hata wikendi, kisha kaa nje kwenye mwanga dakika 20 hadi 30. Kengele iwe mbali na kitanda. Dawa ya ADHD ya kuchangamsha ubongo ikimezwa alasiri huweza kukufanya ukeshe, mwulize daktari. Unakoroma, au miguu haitulii usiku? Omba kipimo cha usingizi na cha feritini, yaani akiba ya madini ya chuma mwilini.