Muulize Fundi: Tulichangia Oxford, picha zikaja za bweni

SWALI: Salamu Fundi. Binti yangu amepata ufadhili wa kusomea shahada ya pili huko Oxford, Uingereza. Masomo yamelipiwa, lakini tiketi ya ndege na nguo za baridi tulizifanyia harambee hapa nyumbani, na kanisa likachanga vizuri. Juzi alinitumia picha za mahali atakapokaa, nami nikaziweka kwenye kikundi cha harambee. Tulitarajia minara na kuta za mawe. Tukaona jumba refu la vioo lenye paa bapa, ungedhani ni bweni la sekondari au kituo cha afya. Mzee mmoja akauliza kama tulichangia Oxford yenyewe au tawi lake. Tena barua inasema amepokelewa na koleji iitwayo St Catherine's, na kwetu koleji ni ya diploma. Fundi, je, tumeuziwa mbuzi kwenye gunia? – Mzazi, Kaimosi.

JIBU: Shemeji (mke wangu ni wa Mbale hapo, utanivumilia), mbuzi ni mzima na ana pembe zote. Hiyo ni Oxford yenyewe.

Tuanze na koleji, maana hapo ndipo wazee wamekwama. Sisi tumezoea chuo kishiriki, mtoto anayengoja kukua. Kile cha Bondo kilianza 2009 chini ya Maseno, kikapata hati yake 2013. Kule koleji haingoji kitu. Oxford ina koleji thelathini na kitu, na kila mwanafunzi wa shahada lazima awe na yake. Yunivasiti ndiyo inayotahini na kutoa shahada. Koleji ndiyo nyumba: humlaza, humlisha, na humpa watu wa kumjua kwa jina. Cheti cha binti yako kitaandikwa Oxford, sawa na cha aliyelala kwenye kuta za miaka mia saba.

Sasa hili waambie wazee polepole, tena mwenye swali la tawi mwambie akiwa amekaa. Zamani kusoma Oxford ilibidi uwe ndani ya koleji, na koleji ilikuwa ghali. Mwaka 1868 yunivasiti ikakubali wanafunzi wasio na koleji, wanaopanga vyumba mjini na kujilisha wenyewe. Wengi wao walikuwa wale ambao mfuko haukufika. Kundi hilo ndilo lililokuja kuitwa St Catherine's, na mwaka 1962 likawa koleji kamili chini ya mwanahistoria Alan Bullock. Kwa hivyo mtoto wa harambee ameenda kulala katika nyumba iliyojengwa na ukoo wa watoto wa harambee. Mimi ningeanzia hapo, picha zifuate.

Haya, jengo. Nililijua kwanza kwenye ramani, miaka ya themanini, katika kitabu kilichochanika mgongo kwenye maktaba ya taasisi ya ufundi nilikofundisha uashi hapa Kisumu. Nililidharau kama ninyi. Halafu nikatafuta korido nikaikosa.

Bweni la kwetu ni korido moja ndefu, milango huku na huku, kelele ya mlango wa kwanza inasikika mlango wa mwisho. Humo hakuna. Unaingia kwa ngazi, ngazi ina vyumba vyake, ukitaka kwa jirani wa ngazi ya pili unashuka, unatoka nje, unapanda tena. Hivyo ndivyo koleji za zamani za Oxford zilivyopangwa, vyumba juu ya ngazi kuzunguka uwanja wa majani. Yule Mdenmaki aliyelichora, Arne Jacobsen, alivua mawe na minara akaacha mifupa. Majumba mawili marefu ya ghorofa tatu yametazamana, na kati yake kuna ukumbi wa kulia, maktaba na nyasi zilizokatwa duara. Hata wito wa koleji ni huo, kwa Kilatini: Nova et Vetera, mapya na ya kale.

Na si kuta tu. Alichora viti, taa, hadi uma na visu vya mezani. Walimu wanaokaa meza kuu alitaka wapate viti vya migongo mirefu sana, ukiwatazama kutoka mlangoni ungesema viti ndivyo ukuta wa nyuma yao. Mimi katika kazi zangu zote sikuwahi kuulizwa hata rangi ya mlango. Mwaka 1993 serikali yao ililiweka jengo hili katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa, daraja la makanisa makuu, likiwa na umri wa miaka thelathini hivi. Banda la baiskeli nalo limo. Ndiyo, shemeji, banda la baiskeli.

Paa bapa, hapo sitamtetea. Nimesimamia moja maishani, la madarasa ya shule fulani upande wa ziwa, kwa sababu mchoraji alilitaka na mkuu wa shule alilipenda. Msimu wa kwanza wa mvua nilipanda juu na ufagio. Maji yalikuwa yamesimama hadi kwenye kifundo cha mguu, vyura wameshahamia, na chini yetu mwalimu wa hesabu amehamisha ubao mara mbili. Tulimwaga lami, tukamwaga tena. Mwishowe tuliweka mabati juu yake, yakiinama kama inavyostahili. Mtu wa Kaimosi, anayejua mvua ya saa tisa alasiri, hahitaji kuelezwa.

Na Jacobsen, pamoja na sifa zake, paa lilimfuata kaburini. Alifariki 1971. Mwaka 2023 Uingereza nzima ilihangaika na zege fulani jepesi lililotumika sana kwenye mapaa ya enzi zile. Ukilikata, ndani ni mapovu matupu kama andazi, na likizeeka au likiingiwa na maji laweza kuanguka bila kuonya. St Catherine's nako likapatikana. Ukumbi wa kulia ukafungwa, watu wakala kwenye mahema. Akikuta sehemu imezungushiwa uzio, asivuke kwenda kupiga picha.

Kuhusu baridi: vyumba ni vioo vya upana mzima wa ukuta. Kioo hicho hukupa mti na anga, na mwezi wa Januari hukupa pia kile kilichoko nje. Zile pesa za nguo hazikupotea. Kitanda asikisogeze dirishani.

Mama yake, nina hakika, atauliza kanisa. Mnara wa kengele upo, mrefu, umesimama peke yake, lakini koleji hii haina kanisa ndani. Mwambie mapema asije akausikia mwenyewe kwenye simu. Makanisa mjini ni mengi na mengine ni ya kutembea kwa miguu.

Kikundi cha harambee kitumie picha mbili: ya ngazi, na ya viti vya meza kuu ikiwa ukumbi uko wazi. Nami nina ombi langu. Matofali ya pale ni ya rangi ya mchanga na ni membamba kuliko tunayochoma sisi. Binti akipata dakika, aweke rula ukutani, apime tofali kumi pamoja na udongo wa katikati, anitumie kipimo kupitia kwako. Miaka arobaini nabishana na rafiki yangu juu ya hilo, na kuna soda mezani.