Mtoto wa geti kali mpe watu, midoli anayo ya kutosha

Siku ya kwanza mzazi akileta mtoto kituoni kwangu hapa Soweto, Moshi, kabla hata hajaniambia mtoto anakula nini anaanza na hii: madam, huyu wangu ni mpole sana, hapendi watu. Na mtoto mwenyewe yupo pale pale kashikilia dera la mama yake anasikia kila kitu. Aisee ningekuwa na ujasiri ningebandika tangazo getini, maelezo ya tabia ya mtoto yaletwe kwa wasapu.

Mi ni mwalimu wa chekechea kwa kusomea, nilianzia Arusha kwenye shule moja ya inglishi midiamu maeneo ya Sakina, baadaye nikaolewa nikahamia huku na sasa nina kituo kidogo cha kulelea watoto mchana, wengi wana miaka miwili mpaka mitano. Kwa hiyo haya ninayoandika mengi ni ya kuona kwa macho, machache ya chuo, na ushauri wangu wote ukiukamua unabaki mmoja tu: mtoto mpe watu. Watu wa rika tofauti, wanaomjua jina, anaokutana nao tena na tena.

Chuo tulifundishwa habari za Mmarekani mmoja anaitwa Charles Horton Cooley, yeye mwaka 1902 aliandika kwamba mtu anajijua kupitia wenzake, wao ndo kioo chake. Yaani kwanza nawaza wewe unanionaje, halafu nawaza umenihukumu vipi kichwani mwako, halafu ndo najisikia fahari au aibu. Wakati ule tulikariri tu tufaulu mtihani. Nilikuja kumuelewa siku moja mtoto wa miaka minne kasimama pembeni ya bembea, nikamwambia nenda na wenzako, akanijibu kwa lafudhi ya mama yake kabisa, mi sipendagi watu. Miaka minne! Hajakaa na watu kiasi cha kujua kama anawapenda au hawapendi, hiyo hukumu kaletewa ikiwa imeshaandikwa na yeye kasaini tu.

Sasa sisemi watoto wote wanazaliwa sawa, aliyelea vichanga zaidi ya mmoja anajua, kuna anayelala popote na kuna ambaye ukimbadilishia shuka tu usiku hamlali. Alexander Thomas na Stella Chess walianza kufuatilia watoto kule New York mwaka 1956, tangu wakiwa wachanga, wakakuta kuna watoto wepesi, kuna wagumu, na kuna wale wanaochukua muda kuzoea kitu kipya. Ila walichosisitiza ni kwamba asili ya mtoto peke yake haiamui, inategemea inakutana na wazazi gani na mazingira gani. Hao wa kuchukua muda ndo sisi tunaowaita wapole, tena tunawaita mbele za watu, mbele ya shangazi, mbele ya padri, mpaka mtoto anaona upole ni kazi aliyoajiriwa nayo. Mimi mtoto wa hivyo namwambia njoo tukae hapa kwanza tuangalie wanachofanya. Basi. Tunakaa. Siku nyingine tunakaa mpaka uji unapoa na hakuna kinachotokea na ni sawa, kuna siku atanyanyuka mwenyewe kwa sababu mpira umekuja miguuni kwake na lazima mtu aurudishe.

Kwa upande wa pili kuna mtundu. Huyu nyumbani kikombe kikivunjika hata kama yeye alikuwa nje anaitwa yeye. Nilikuwa na mmoja hivyo, akifika tu asubuhi wenzake wanaanza kusema madam fulani atatuchokoza, wakati hajamgusa mtu, na yeye anawatimizia. Nikampa kazi ya kugawa vikombe vya uji, kila siku, na kuhakikisha kila mtu amepata kabla yeye hajakaa. Usidhani aligeuka malaika, kelele zake ziko pale pale na kupanda ukuta anapanda, lakini wenzake wakawa na kitu kingine cha kumsemea, wakawa wanamuita wa vikombe, na yeye akawa na kitu kingine cha kuwa. Mzazi kama mwanao ana jina baya nyumbani usihangaike kumhubiria aache, mtafutie kazi ndogo inayoonekana na watu waione akiifanya.

Turudi kwenye geti kali. Najua kwa nini tunajenga kuta, na mimi ninao. Ila angalia ratiba ya mtoto wa Shanty Town, mtaa wa wenye nazo hapa Moshi, au wa Njiro kule Arusha, anachukuliwa na basi la shule alfajiri, anarudishwa jioni, geti linafunguliwa linafungwa, anabaki na dada wa kazi na tivii mpaka baba na mama warudi na foleni zao, anaoga, analala. Wikiendi anapelekwa supamaketi. Huyu mtoto wiki nzima hajawahi kugombana na mtoto mwenzake bila mtu mzima kuwepo, na mimi kwa mtazamo wangu hilo ni pengo kubwa kuliko kuchelewa kusoma.

Kuna msomi mwingine, George Herbert Mead wa Chuo Kikuu cha Chicago, huyu nampenda kuliko Cooley kwa sababu alizungumzia michezo. Anasema mtoto anaanza kwa kuigiza mtu mmoja mmoja, leo yeye ni mama, kesho konda wa haisi, keshokutwa mangi dukani anapima sukari ya mchanga. Hapo anajifunza kujiangalia kwa macho ya mtu mwingine, maana ukiwa mama lazima umgombeze mtoto, na mtoto ni wewe. Baadaye inakuja michezo yenye sheria, ambapo lazima uweke kichwani nafasi za watu wote kwa pamoja. Yeye alitumia mfano wa besiboli, sisi tuna kombolela, tuna rede. Fikiria rede, wawili wanarusha mpira, wewe uko katikati unajaza mchanga kwenye chupa huku unakwepa, unamsoma anayerusha, unamsoma anayedaka nyuma yako, unakumbuka na wa timu yako aliyetoka anakutegemea. Hiyo ndo hatua ambayo Mead anasema mtoto anaanza kubeba jamii nzima ndani ya kichwa chake, sio mama atasema nini tu, bali hivi sisi hapa tunafanyaje.

Na ule ubishi wa umeguswa, sijaguswa, umeguswa bwana tumeona wote, jamani ule ubishi ndo somo lenyewe! Watu wazima tukishaingia na filimbi tunauua. Nimefundisha shule ambazo michezo ina kocha, sare na ratiba, watoto wazuri wana nidhamu, lakini akitokea anayevunja sheria wote wanageuka kuniangalia mimi. Hawajui kwamba wao wenyewe wana uwezo wa kumwambia hatuchezi na wewe mpaka urudi katikati. Watoto wa Pasua na Majengo, mitaa ya kawaida hapa Moshi, wanajua hilo wakiwa na miaka sita. (Wana na yao ya kutisha pia, mitaro na bodaboda, sisemi huko ni peponi.)

Mambo ya mtoto kukosa watu kabisa kabisa yameshaonekana na matokeo yake ni ya kusikitisha. Mwaka 1970 kule Los Angeles alipatikana binti wa miaka 13 ambaye karibu maisha yake yote alifungiwa chumbani na baba yake, dunia inamjua kwa jina la bandia la Genie. Alikuja kufundishwa na wataalamu, akapata maneno mengi tu, lakini kuyapanga yakawa sentensi kama watu wengine hakuweza vizuri. Na Romania baada ya serikali ya Ceaușescu kuanguka mwaka 1989 watu walikuta watoto wamejaa kwenye vituo, wengi wanalishwa na kubadilishwa nguo kwa zamu bila mtu wa kuwabeba na kuongea nao. Kuanzia mwaka 2000 watafiti pale Bucharest walifuatilia watoto waliohamishiwa kwenye familia na waliobaki vituoni, waliopata familia walikua vizuri zaidi, na waliowahi kabla ya kufika kama miaka miwili ndo waliofaidika zaidi kwenye mambo mengi. Mwanao wa Njiro hayuko huko, ana mama, ana baba, anabebwa. Nimeyataja kwa sababu kuna wazazi wanaamini akili inakua na maziwa na vitamini, mtu ni nyongeza tu.

Tivii nayo niiseme haraka, najua mtakasirika. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo, mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe kwenye skrini kabisa, wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ndo nzuri. Mimi napata watoto wanaotaja rangi zote kwa Kiingereza cha katuni lakini hawajui kuomba zamu ya bembea kwa lugha yoyote. Katuni haimsubiri ajibu. Akikosea haimshangai. Anaongea peke yake na inaendelea tu.

Sasa dada wa kazi. Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana kwa familia nyingi mjini huyu ndo mtu anayekaa na mtoto saa nyingi kuliko wote na ndo mtu tunayemheshimu kidogo kuliko wote. Mtoto anaangalia unavyoongea naye. Ukimfokea kwa chumvi ya mboga, kesho mtoto wa miaka mitatu atamfokea kwa viatu, na usimcheke ukasema eti huyu atakuwa bosi. Mwanao anamwamkia dada asubuhi? Hapo utajua amejifunza nini kuhusu watu ni akina nani na nani hahesabiki. Halafu hii tabia ya kubadilisha dada kila baada ya miezi michache kwa sababu ya elfu kumi aliyoomba kuongezewa, kwa mtoto huyo aliyeondoka hakuwa mfanyakazi, alikuwa mtu wake. Nikiona mtoto ghafla anakojoa usingizini mchana au kaganda miguuni kwangu huwa nauliza taratibu, nyumbani kuna aliyeondoka? Mara nyingi jibu ni ndiyo, dada.

Mimi nina bahati ya kuolewa Kibosho, Uchagani, kwa hiyo Desemba yangu inajulikana. Watoto wa Dar wanafika kihambani, shamba la ukoo, wameshika tableti, siku ya kwanza wanalia hakuna intaneti, lakini bibi hana muda huo. Huyu atakata majani ya ng'ombe na binamu zake, huyu atapeleka ndizi kwa bibi mwenzie kule bondeni, na njiani kila anayekutana naye anamuuliza wewe ni wa nani. Hilo swali analijibu mpaka linamkaa. Anaambiwa jina lake ni la babu mzaa baba kwa sababu ni mtoto wa kwanza wa kiume, anaonyeshwa kaburi la huyo babu hapo hapo kihambani, anaambiwa yale masale, mimea ya majani marefu pale mpakani, hayakatwi ovyo, na kwamba watu wakikosana jani hilo hilo ndo linapelekwa kuombea msamaha. Hakuna aliyemkalisha kumfundisha. Ukoo mzima unamtazama na yeye anajua anatazamwa. Wengine mtasema hiyo inabana, na ni kweli kuna inapobana, hasa kwa mabinti wanaoosha vyombo wakati kaka zao wanazurura, hapo huwa naingilia bila aibu na wifi zangu wameshanizoea. Lakini mtoto anarudi Dar akiwa na jibu la yeye ni nani lenye watu ndani yake.

Tunapenda kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, tunaisema kama tishio. Ninavyoona mimi hata aliyefunzwa na mamaye ulimwengu unamfunza vile vile, kazi yako ni kuuchagua ulimwengu wenyewe ukiwa bado una uwezo wa kuuchagua.

Najua mnachoogopa, na ni kweli ukatili kwa watoto upo na mara nyingi anayefanya ni mtu anayefahamika. Kwa hiyo kumpa mtoto watu sio kumwachia kwa yeyote. Mfundishe majina halisi ya viungo vyake, mfundishe kwamba hakuna siri ya mwili kati yake na mtu mzima, usimlazimishe kumkumbatia mjomba kama hataki, salamu ya mkono au shikamoo inatosha. Na namba 116 ni ya simu ya mtoto, kupiga ni bure, iandike ukutani karibu na jiko dada naye aione. Kituo cha mchana pia usiogope kuuliza usajili wa ustawi wa jamii, mwenye kituo akinuna ondoka.

Kwa vitendo, kama unaishi ndani ya geti na hujui majirani, anza na familia mbili tu zenye watoto wanaokaribiana umri. Hapa kwetu kina mama wachache tunapokezana Jumamosi, mwenye zamu anatoa uwanja na uji, wengine wanaleta ndizi au maandazi, simu na tableti zinabaki kwenye mkoba wa mama. Changanya umri, wa miaka minane awepo na wa mitatu awepo, wakubwa watawafundisha wadogo kombolela vizuri kuliko sisi. Mtu mzima mmoja akae mahali anapoona na kusikia lakini awe na kazi mkononi, achambue mchele, afume, chochote, ili asiingilie kila mtoto akija kusema mama fulani kanisukuma. Mwambie, umemwambia yeye? Arudi akamwambie. Ukiona damu, fimbo au mtoto anayelia peke yake muda mrefu, nyanyuka. Wakiondoka wamegombana usijali, Jumamosi ijayo waite hao hao.