Re: Tupige marufuku mkaa kikundini au tukopeshane majiko?

Habari ndugu. Umeuliza kama kikundi chenu cha mama lishe Tandale kipige marufuku mkaa au kikopeshane majiko ya gesi na umeme. Anzeni na majiko, marufuku baadaye. Misitu ya Pwani na Morogoro inakwisha na inaniuma sana, lakini amri peke yake haipiki ugali. Mifuko ya plastiki ilipokatazwa tarehe 1 Juni 2019 watu walitii kwa sababu mifuko mbadala ilikuwepo sokoni. Marufuku ya mkaa ya 2006 haikudumu.

Kwanza angalieni kila mmoja ananunuaje nishati. Mkaa unapatikana kwa kopo, kulingana na mauzo ya siku. Mtungi wa kilo 6 unataka hela yote kwa mkupuo. Hapo ndipo wengi kwenye kikundi chetu waliporudi kwenye mkaa, na jiko la gesi wanalo ndani. Kwa hiyo kopesheni hela ya kujaza gesi, siyo jiko tu.

Maharage na makande yahamie kwenye jiko la presha la umeme, maana ndiyo yanayokula mkaa mwingi, na umeme wa LUKU unanunulika kidogo kidogo. Wa chapati waacheni na mkaa wao kwa sasa.