Michezo midogo ya kompyuta: pa kuitafuta na maoni ya kuamini

Mdogo wangu, umeuliza utaipata wapi michezo iliyotengenezwa na mtu mmoja au kikundi kidogo, na utajuaje kama ni mizuri kabla hujatoa hela.

Anzia itch.io, tovuti iliyofunguliwa 2013. Mingi huko ni ya bure au unalipa unachotaka, na mingine inachezeka humo humo kwenye kivinjari, hivyo laptop ya kawaida inatosha. Ukiupenda mchezo, mwandikie mtengenezaji chini ya ukurasa wake. Inamtia moyo sana.

Kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, usiishie kwenye asilimia ya waliousifu. Fungua maoni yenyewe, utazame mtu kacheza saa ngapi: aliyelalamika baada ya dakika 20 na aliyelalamika baada ya saa 60 hawasemi jambo moja. Mimi huanza na maoni mabaya. Mtu akiandika "unakwama ukifika pango la pili", hilo linanisaidia kuliko "mchezo mkali sana" kumi. Angalia na tarehe, maana kasoro ya mwaka juzi huenda imesharekebishwa. Ukinunua usiupende, omba kurudishiwa hela ndani ya siku 14, mradi hujafikisha saa 2 za kucheza.

Wala usiudharau mchezo kwa uchache wa wachezaji au wa watengenezaji. Among Us ilitoka 2018, ikapata umaarufu mkubwa 2020. Stardew Valley ya 2016 aliitengeneza Eric Barone peke yake: michoro, muziki, mazungumzo, kila kitu. Kama unapenda shamba na utulivu, anza na huo.