Mbwa wa kuwinda kanga kalegea baada ya kutoka porini: usingoje

Ndugu yangu wa Chamwino, pole sana. Umesema mbwa wako anayekwenda nawe kuwinda kanga na kwale ametoka porini juzi, hali chakula, fizi zimepauka na mkojo umekuwa wa kahawia. Huo si uchovu wa jua. Dalili hizo zinafanana mno na homa ya kupe, na mkojo ukishabadilika rangi kila saa ina thamani. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, apimwe damu.

Usimchome sindano ya dukani kwa kukisia. Wala usimwogeshe dawa ya josho kwa kipimo cha ng'ombe, inaweza kumuua. Njiani mpe maji, mweke kivulini.

Akipona, kila mkirudi mkague masikioni, makwapani na katikati ya vidole. Kupe mng'oe kwa kibano karibu na ngozi, usimminye. Chanjo ya kichaa cha mbwa isipitwe.

Na kabla ya msako mwingine, tafadhali mwone ofisa wanyamapori wa wilaya. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inadai kibali hata kwa ndege, na kuwinda kwa mbwa kunaweza kukufikisha mahakamani.