Maswali na Majibu: Nani Asimulie Hadithi Fupi?

Ninaandika hadithi fupi kuhusu baba anayeuza shamba la familia kwa siri. Je, nitumie nafsi ya kwanza au ya tatu?

Kabla ya kuchagua nafsi, amua ni nani katika familia hiyo asiyejua kwamba shamba limeuzwa, kwa sababu hadithi fupi, ambayo haina nafasi ya kueleza mambo kwa mapana kama riwaya, hupata nguvu yake kutokana na kile anachofichwa msomaji na muda anaofichwa. Akisimulia baba mwenyewe, siri haipo tena. Kinachobaki ni hatia yake na namna anavyojitetea. Akisimulia binti wa miaka 10, anayewaona wageni wakipima mipaka kwa kamba huku mama akiwaandalia chai bila kuuliza lolote, msomaji ataelewa kabla ya binti kuelewa, na uchungu wa hadithi utakaa katika pengo hilo. Nafsi ya tatu inayomfuata mama peke yake inaweza kufanikiwa vilevile, mradi usiingie hata mara moja katika mawazo ya mumewe. Mimi ningemchagua binti, kwa sharti kwamba asitoe maelezo yanayozidi umri wake.

Mhariri amenirudishia hadithi akisema ninaruka kutoka mawazo ya mhusika mmoja hadi ya mwingine. Je, msimulizi maizi, yaani anayejua mawazo ya wahusika wote, hafai?

Anafaa, na ngano zetu nyingi husimuliwa hivyo. Hata hivyo, msimulizi maizi hujitambulisha tangu aya ya kwanza kuwa anawajua wote. Kosa hutokea pale hadithi inapokaa na Asha kwa kurasa tatu, kisha tukaambiwa ghafla kwamba mgeni aliyeketi mbele yake aliingiwa na wivu. Asha hawezi kuona wivu, bali anaweza kuona kikombe kikisukumwa pembeni kabla hakijanywewa. Andika kikombe.

Je, msimulizi anaweza kumdanganya msomaji?

Anaweza, na hapa ndipo mtazamo unapoonyesha uwezo wake wote. Mwandishi wa Kijapani Ryunosuke Akutagawa, katika hadithi fupi "Yabu no naka" ya mwaka 1922, aliweka ushahidi wa watu saba kuhusu kifo cha samurai mmoja, akiwemo marehemu mwenyewe anayesema kupitia kwa mganga wa mizimu. Jambazi anakiri kuua, mke anakiri kuua, naye marehemu anadai kwamba alijiua. Hakuna sauti ya juu inayoamua, hivyo msomaji hulazimika kupima kila msemaji anatetea heshima gani kwa maneno yake. Msimulizi wako akidanganya, acha katika usimulizi wake dalili ambazo msomaji makini anaweza kuzishika.

Na nafsi ya pili?

Ni adimu na huchosha haraka. Itumie katika kurasa chache, pale mhusika anapojisuta.

Nikiandika "alifungua mlango, akaketi", msomaji hajui kama ni mwanamume au mwanamke. Je, huo ni udhaifu?

La, ni hazina. Kiambishi cha nafsi ya tatu katika Kiswahili hakibainishi jinsia, kwa hiyo unaweza kumficha mhusika kwa ukurasa mzima bila kuilazimisha sentensi. Fanya hivyo iwapo kufichuka kwake kutabadilisha maana ya yaliyotangulia. La sivyo, taja jina lake katika sentensi ya kwanza.