Je, Mkuu wa Kitivo cha Tiba Huacha Kuwa Daktari?

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusalimu. Binti yangu yuko mwaka wa nne wa masomo ya udaktari, na ameniambia kwamba anatamani siku moja awe mkuu wa kitivo cha tiba. Nilihuzunika, kwa kuwa tulimsomesha kwa taabu ili atibu wagonjwa, si ili akae ofisini akitia saini barua. Je, mwenye cheo hicho huacha kuwa daktari? Na safari ya kukifikia ni ndefu kiasi gani?
Mama wa mwanafunzi, Bukoba

JIBU: Mama yetu, huzuni yako tunaielewa, lakini tunaomba tukusimulie habari za jirani yako wa ng'ambo ya mpaka, Profesa Nelson Sewankambo, aliyeongoza Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Makerere kwa takriban miaka kumi hadi 2007. Alisomea udaktari na tiba ya magonjwa ya ndani hapohapo Makerere, na baadaye akajifunza epidemiolojia, yaani elimu ya namna maradhi yanavyoenea katika jamii, katika Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada.

Huenda unaikumbuka miaka ile ya 1980, kwa maana wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa wako wa Kagera mwaka 1983. Upande wa pili wa mpaka, Rakai, watu walikuwa wakikonda na kufa kwa maradhi ambayo wenyeji waliyaita "silimu". Sewankambo, wakati huo akiwa daktari kijana, alikuwa miongoni mwa walioandika katika jarida la The Lancet, Oktoba 1985, wakionyesha kwamba maradhi hayo yalihusiana na virusi vya UKIMWI. Yeye na wenzake hawakuishia kwenye makala moja, kwani kuanzia 1988 walifanya utafiti wa miaka mingi miongoni mwa wanavijiji wa Rakai, na ukuu wa kitivo haukumtoa huko. Alishiriki katika utafiti wa tohara uliowahusisha wanaume 4,996, ambao ulionyesha kwamba tohara hupunguza kwa takriban nusu uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke, na matokeo yake yalichapishwa mwaka uleule wa 2007.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, kazi yake kubwa zaidi kama mkuu ilikuwa darasani. Mfumo wa zamani ulitenganisha miaka ya mihadhara na maabara na miaka ya wodini, kiasi kwamba kijana aliweza kukariri viungo vyote vya mwili kabla hajazungumza na mgonjwa hata mmoja. Mwaka 2003, chini ya uongozi wake, Makerere ilibadili mtaala: wanafunzi wakaanza kujifunza katika vikundi vidogo kwa kuchambua tatizo la mgonjwa, na wakawa wanapelekwa vituo vya afya vya wilayani wakae na kufanya kazi pamoja na jamii. Mtu aliyeyajua maradhi makubwa ya zama zake kupitia vijiji vya Rakai alikuwa na kila sababu ya kuwataka wanafunzi wake wafike vijijini mapema. Mabadiliko kama hayo humfikia mgonjwa ambaye mkuu wa kitivo hatamwona kamwe.

Hatukufichi kwamba ofisi ipo: kuna bajeti, mitihani, uhaba wa wahadhiri na makubaliano na hospitali ya kufundishia. Hata hivyo, wakuu wengi huendelea kupita wodini pamoja na wanafunzi.

Kuhusu safari, hapa Tanzania shahada ya udaktari huchukua miaka mitano, mafunzo kwa vitendo mwaka mmoja, na ubingwa kwa kawaida miaka mitatu, kisha hufuata miaka mingi ya kufundisha na kutafiti, maana cheo hicho kwa kawaida hupewa mhadhiri mwandamizi au profesa, tena kwa muda maalumu. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo yote, Mama, binti yako atakuwa akitibu wagonjwa.